Mfano wa Mwana Mpotevu kwa Kigiriki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Luka 15:11–32 anayetaka kujua maneno ya Kigiriki yanasema nini, hata kama hajawahi kuingia darasa la Kigiriki. Ninanukuu Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayoijua kwa moyo. Maneno ya Kigiriki nimeyaandika kwa herufi za Kilatini bila alama za irabu ndefu. “Th” isome kama katika “thelathini”, “ch” kama “kh” ya “kheri” kwa matamshi ya watu wa pwani, na “ph” kama “f”.

Je, Yesu alisimulia mfano huu kwa Kigiriki?

Yaelekea alisimulia kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani na ya sokoni huko Galilaya. Lakini tulicho nacho ni Injili ya Luka, na Luka aliandika Kigiriki cha watu wote wa zama zile, kile kinachoitwa Koine. Zipo tafsiri za kale za Kisiria, lugha ya jamii ya Kiaramu, nazo zilitoka kwenye Kigiriki. Kwa hiyo mtu akikuambia “katika Kiaramu cha asili neno hili lilikuwa hivi”, mwombe akuonyeshe maandishi.

Kigiriki kina siri ambayo Kiswahili kimeificha?

Hapana. Ningependa swali hili lisomwe kabla ya mengine yote, kwa sababu wengi huanza kujifunza Kigiriki wakitarajia kukuta hazina iliyofungiwa sandukuni. Mtu aliyesoma mfano huu kwa Kiswahili tu ameshaupata: baba yule yule, njaa ile ile, ndama yule yule. Kigiriki kinachotuongezea hasa ni kusikia maneno yanayojirudia. Luka hutumia neno moja mara nne, mara tano, katika sura moja, na mtafsiri, kwa sababu nzuri kabisa za lugha yake, hulazimika kutumia maneno mawili au matatu. Hapo uzi unakatika bila mtu kukosea. Ukisoma Kigiriki unauona uzi ukiwa mzima. Majibu mengi hapa chini yanahusu nyuzi za namna hiyo.

Neno “mpotevu” lenyewe lipo kwenye Kigiriki?

Lipo, tena ndilo uti wa mgongo wa sura nzima. Baba anasema katika mstari wa 24 kwamba mwanawe “alikuwa amepotea”. Kigiriki ni *apololos*, kutoka kitenzi *apollymi*. Waingereza na Wafaransa humwita kijana huyu “mbadhirifu”, jina lisilomo katika maneno ya baba. Wajerumani, kama sisi, humwita aliyepotea, na hapo tuko karibu zaidi na Luka.

Sasa fuata kitenzi hiki. Mstari wa 4, kondoo mmoja anapotea: *apollymi*. Mstari wa 6, mchungaji anasema amempata kondoo wake aliyepotea: *apollymi*. Mstari wa 8 na wa 9, mwanamke na shilingi yake: *apollymi* mara mbili. Mstari wa 24 na wa 32, mwana: *apollymi* tena. Mpaka hapo Kiswahili kinatufikisha vizuri, kwa sababu kote tunasoma “kupotea”.

Lakini rudi mstari wa 17. Kijana yuko kwa nguruwe, anasema, “na mimi hapa ninakufa kwa njaa.” Hilo “ninakufa” kwa Kigiriki ni *apollymai*. Kitenzi ni kile kile! Kinabeba kupotea, kuharibika na kuangamia kwa pamoja, na Kiswahili hakina neno moja linaloweza kufanya kazi hiyo katika mistari yote bila kusikika vibaya. Kwa msikilizaji wa Kigiriki, kijana analitamka yeye mwenyewe neno la kondoo na la shilingi. Kondoo hakujua kusema amepotea, na shilingi haina kinywa. Kati ya vitu vitatu vilivyopotea katika sura hii, mwana peke yake anasema, “nimepotea mimi, hapa.” Hajui kwamba nyumbani baba yake analo neno hilo hilo kwa ajili yake.

Ukitaka kuufuata uzi huu mpaka mwisho, nenda Luka 19:10, kwa Zakayo: Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa “kile kilichopotea”. Ni neno lile lile tena.

Alipoteza mali kwa uasherati, sivyo? Biblia imesema.

Union Version inasema “kwa maisha ya uasherati” (mstari wa 13). Kigiriki ni *zon asotos*, yaani “akiishi *asotos*”, na neno hili linapatikana mara moja tu katika Agano Jipya. Lina ndugu yake, *asotia*, ambalo katika Waefeso 5:18 Union Version yenyewe imelitafsiri “ufisadi”, pale inapokataza kulewa mvinyo. Miaka zaidi ya 300 kabla ya Luka, Aristotle alieleza *asotia* kama tabia ya mtu asiyejua kuzuia mkono wake: hutoa na kutumia kupita kiasi, hata anajiangamiza mwenyewe kwa kumaliza mali yake. Kinyume chake alikiita ubahili. Ni neno la fedha na matumizi kwanza. Zinaa inaweza kuwamo, kwa kuwa pesa zinazomwagwa hovyo hupita njia nyingi, ila neno lenyewe haliitaji.

Basi makahaba wametoka wapi? Wametoka kinywani mwa kaka mkubwa, mstari wa 30. Kaka huyo hakwenda nchi ya mbali. Ndiyo kwanza amefika kutoka shambani, ameambiwa habari fupi na mtumishi nje ya nyumba, na mtumishi hakutaja mwanamke yeyote. Msimulizi alisema *asotos*, na kaka akaongeza makahaba. Huenda alikisia sawa, huenda hapana, Luka hatuambii. Lakini tukisoma “uasherati” tangu mstari wa 13, tunakuwa tumeshauamini ushahidi wa kaka kabla hajafika. Nimewasikia wahubiri wazuri wakijenga nusu saa nzima juu ya danguro ambalo msimulizi hakulitaja. Hili naliona ni jambo zito, kwa sababu ndivyo tunavyofanya pia kwa binti wa jirani aliyekwenda mjini.

Mali aliyogawiwa ilikuwa ardhi, fedha au nini?

Maneno ni mawili. Kijana anaomba sehemu ya *ousia*, yaani mali, vitu alivyo navyo mtu. Union Version imefuata Kigiriki hatua kwa hatua hapa: “inayoniangukia” ni *epiballon*, neno lililotumika kwenye hati za urithi. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 21:17, mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili, hivyo kwa wana wawili mdogo angepata theluthi.

Baba anapogawa, Luka anabadilisha neno. Hasemi baba aligawa *ousia*. Anasema aligawa *bios*, yaani uhai au riziki, kile kinachomfanya mtu aishi. Ni neno lililotumika kwa mjane wa Luka 21:4 aliyetia hekaluni vyote alivyokuwa navyo: *bios* yake yote. Mwana ameomba vitu na baba ametoa riziki yake. Baadaye kaka mwenye hasira atasema “aliyekula vitu vyako” (mstari wa 30), na hapo pia Kigiriki ni *bios*. Hapo kaka ameliona jambo kwa usahihi kuliko mdogo wake.

Angalia pia kiambishi: “aka*wa*gawia”. Kigiriki kinasema *autois*, “wao”, wote wawili. Kaka naye alipata fungu lake siku ile.

Ousia si lile neno la Baraza la Nikea?

Ndilo, lakini usiilete Nikea ndani ya Luka. Mwaka 325 maaskofu walitumia *homoousios* kusema kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Katika Luka 15 *ousia* ni shamba, mifugo na fedha.

“Akashikamana na mwenyeji mmoja”: ni kuajiriwa tu?

Kitenzi ni *kollao*, kutoka neno la Kigiriki la gundi. “Akashikamana” ni tafsiri nzuri sana. Kijana alijigandisha kwa mtu ambaye hakumtaka, na kazi aliyopewa, kulisha nguruwe, kwa Myahudi ni ya mwisho kabisa (Mambo ya Walawi 11:7).

Maganda aliyoyatamani ni maganda ya nini?

Ni *keratia*, matunda ya mkarobu, mti unaoota pande zote za Bahari ya Kati. Tunaposoma “maganda” tunafikiria ya ndizi au ya viazi, kitu cha kutupa. Karobu ni ganda refu la rangi ya kahawia iliyokolea, limepinda kidogo kama pembe. Ndani kuna nyama tamu na mbegu ngumu zinazogongana ukilitikisa. Jina lake lina maana ya “vipembe”. Maskini waliyala, na mifugo ilishibishwa nayo. Mbegu zake zilihusishwa na kupimia vitu vidogo vya thamani, na ndiyo sababu neno hilo, kupitia Kiarabu, limefika mpaka kwa sonara wetu kama “karati”.

Kwa hiyo kijana hakutamani takataka. Alitamani chakula kinacholika, kilichokuwa mbele ya macho yake, na “wala hapana mtu aliyempa kitu”. Kitenzi cha kutoa kiko katika hali ya kuendelea: hakuna aliyekuwa akimpa, siku baada ya siku.

“Alipozingatia moyoni mwake” ni toba?

Kigiriki ni *eis heauton elthon*, “alipojijia mwenyewe”. Wafafanuzi wamegawanyika. Wengine wanasema ni toba kamili, wengine wanasema ni njaa iliyomfundisha hesabu: watumishi wa baba wanakula na kusaza, mimi ninakufa. Neno la toba, *metanoia*, na kitenzi chake vipo katika mstari wa 7 na wa 10, baada ya kondoo na shilingi, lakini ndani ya hadithi ya mwana halipo hata mara moja. Mimi nadhani Luka ameacha hivyo makusudi. Kijana ameondoka na sababu za tumbo na maneno mazuri aliyoyapanga, na baba alianza kukimbia kabla ya kusikia hata moja.

Kiswahili tunalo neno ambalo lingekaa hapa vizuri ajabu: *akajirudi*.

Nimesikia kwamba “akamwonea huruma” maana yake matumbo yalimcheza. Ni kweli?

Ni kweli kwa chimbuko la neno. *Esplanchnisthe* linatoka *splanchna*, vya ndani: moyo, maini, mapafu, matumbo. Wagiriki na Wayahudi waliweka hisia kali humo, kama washairi wetu wanavyoziweka kwenye mtima na maini. Lakini siku za Luka mtu aliyesikia kitenzi hiki alisikia “kuhurumia sana”. Hakuanza kufikiria viungo, kama vile mtu anayesema “nina uchungu” hafikirii ladha ya mwarobaini. Mhubiri akisema huruma hii ni ya ndani kabisa, yuko sahihi. Akianza kueleza utumbo wa baba, ameacha hadithi.

Kinachofaa zaidi ni kuangalia Luka analitumia wapi. Ni mara tatu tu. Katika 7:13 Yesu anamwona mjane wa Naini nyuma ya jeneza la mwanawe wa pekee. Katika 10:33 Msamaria anamwona aliyepigwa na wanyang’anyi. Hapa, 15:20, baba anamwona mwana angali mbali. Mara zote tatu kuna kuona kwanza, kisha *esplanchnisthe*, kisha mtu anasogea karibu na mwingine aliyekufa, au aliye karibu kufa, au aliyehesabiwa amekufa. Ukiziweka aya hizo tatu mezani pamoja utapata mengi kuliko kamusi yoyote itakavyokupa.

Ni kweli ilikuwa aibu kwa mzee kukimbia?

Hoja hiyo inatoka kwenye desturi za Mashariki ya Kati, na ina uzito wake. Haitoki kwenye Kigiriki: *dramon* ni “akiwa amekimbia”, basi.

Kilichomo kwenye maneno ni kitu kingine, na mimi nakipenda zaidi. Fungua Mwanzo 33:4, Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi akiwa na hofu. Katika Agano la Kale la Kigiriki, Esau anakimbia, anamkumbatia, anambusu, anamwangukia shingoni. Kukimbia, shingo, busu: vitendo hivyo vitatu Luka amevirudisha kwa baba. Msikilizaji aliyelelewa na Torati angekumbuka mara moja. Kumbuka pia ni nani aliyekimbia kule Mwanzo: kaka mkubwa, aliyedhulumiwa haki yake. Katika Luka 15 kaka mkubwa bado yuko shambani, na baba ndiye anayefanya ambalo Esau alilifanya.

Busu lile ni la “phileo”. Je, maana yake ni upendo wa kirafiki tu, usio wa “agape”?

Hapana. *Katephilesen* ni “akambusu kwa nguvu, akambusu tena na tena”, ndiyo maana tunasoma “akambusu sana”. Ni kitenzi cha busu. Madaraja ya upendo tunayofundishwa, agape (upendo wa kujitoa) juu na phileo chini, hayahusiki hapa.

Kwa nini baba alimkatiza kijana?

Linganisha mstari wa 19 na wa 21. Shambani alipanga kumaliza kwa “nifanye kama mmoja wa watumishi wako”. Mbele ya baba maneno hayo hayapo, na mara baba anaanza kusema (mstari wa 22). Baadhi ya hati za kale, zikiwamo Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4, zinayo hapo pia. Papirasi inayoitwa P75 haina, wala Alexandrinus. Wahariri wengi wanaona waandishi walinakili maneno ya mstari wa 19 ili mistari ilingane, nami nakubaliana nao. Mwandishi anayenakili huvutwa kuyaongeza yaliyotarajiwa. Ni vigumu zaidi kueleza kwa nini mtu angeyafuta.

“Mtumishi” na “mtumwa” katika mfano huu ni watu tofauti?

Ndiyo, na hapa Union Version ilikuwa makini. Kuna maneno matatu. *Misthioi* (mistari ya 17 na 19) ni vibarua wa kulipwa, neno ambalo halipatikani kwingine katika Agano Jipya. *Douloi* (22) ni watumwa wa nyumba. *Pais* (26) ni mtumishi, pengine kijana mdogo, aliyeulizwa na kaka kule nje.

Kibarua aliitwa siku ya kazi na kulipwa jioni. Hakuwa na haki nyumbani humo, lakini hakuwa mali ya mtu. Mdogo alitaka nafasi hiyo: alipwe, ale, adaiwe kidogo. Sasa msikilize kaka katika mstari wa 29: “mimi nimekutumikia miaka mingapi hii.” Kitenzi ni *douleuo*, kazi ya *doulos*, mtumwa. “Nimekuwa mtumwa wako miaka yote hii.” Mmoja ameomba kuwa kibarua, mwingine anajiona mtumwa, nao wote wawili ni wana wa nyumba ile.

Hesabu pia neno “Baba”. Mdogo analitamka kila anapozungumza naye: alipodai mali, alipopanga maneno, alipofika. Kaka halitamki. Anaanza na *idou*, “Tazama”. Yeye aliyekaa nyumbani miaka yote anaongea na baba yake kama mtu anayesoma madai ofisini. Baba anamjibu kwa neno laini kuliko yote katika hadithi, *teknon*, “mwanangu”, neno la mtoto uliyemzaa, wakati kote kwingine wana hawa wanaitwa *huios*.

“Huyu mwana wako”: ni dharau?

Ni dharau, na Kiswahili kinaibeba bila msaada. Kigiriki ni *ho huios sou houtos*. Fuata hilo *houtos*, “huyu”, tangu mwanzo wa sura. Mstari wa 2, Mafarisayo na waandishi wananung’unika: “Mtu *huyu* huwakaribisha wenye dhambi.” Mstari wa 24, baba: “*huyu* mwanangu.” Mstari wa 30, kaka: “*huyu* mwana wako.” Mstari wa 32, baba anamrudishia kaka neno lake, amebadilisha moja tu: “*huyu* ndugu yako.” Kaka alikwepa kusema “ndugu yangu”, na baba hakumwacha akwepe.

Mfano ulijibu manung’uniko ya mstari wa 2, kwa hiyo wanung’unikaji walijisikia wenyewe wakiongea kwa sauti ya kaka.

Baba alimsihi kaka mara moja tu?

“Akamsihi” ni *parekalei*, na kitenzi kiko katika hali ya kuendelea: akawa akimsihi. Kukataa kwa kaka nako kuko hivyo hivyo, *ouk ethelen*: alikuwa hataki. Waone wawili hao nje, mmoja akizidi kubembeleza na mwingine akizidi kukataa, na ndani watu wanasherehekea. Kwa mdogo baba alikimbia, kwa mkubwa alitoka. Sijui kwa nini tunahubiri kukimbia kuliko kutoka.

Muziki uliokuwa ukipigwa ni upi?

“Nyimbo na machezo” ni *symphonia* na *choroi*. La pili ni ngoma za kucheza kwa mduara. La kwanza limebishaniwa tangu kale: ni ala fulani ya muziki, au ni sauti zilizopatana? Hieronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alikataa kwamba ni ala. Kwa vyovyote kaka alisikia furaha kabla ya kuambiwa habari.

Vazi “lililo bora” au vazi lake la zamani?

*Stolen ten proten*, “vazi la kwanza”. Baadhi ya mababa wa Kanisa walisoma hapa vazi alilolipoteza Adamu. Lugha inaelekea zaidi kwenye ubora: la daraja la kwanza, la mgeni wa heshima.

Nitumie namba za Strong?

Zitumie kupata neno, usizitumie kupata maana. James Strong alichapisha itifaki yake, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalimo, mwaka 1890 akifuata Biblia moja ya Kiingereza na kulipa kila neno la asili namba yake, na orodha fupi ya maana inayofuata kila namba ni orodha ya jinsi Biblia hiyo ilivyotafsiri. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kuchukua maana zote tano za orodha na kuzimwaga zote katika mstari mmoja. Neno likiwa ndani ya sentensi hubeba maana moja, mara chache mbili. “Paa” kwa Kiswahili ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, ni kwenda juu. Ukisema “paa linavuja” hakuna swala anayevuja.

Kosa la pili ni chimbuko. *Asotos* limejengwa kwa “a” ya kukanusha na shina la kuokoa. Wengine wamehubiri hapo kwamba kijana alikuwa “asiyeokoka”. Ni jambo la kuvutia, ila neno lilikuwa la wabadhirifu karne nyingi kabla ya Luka.

Kigiriki ni tajiri kuliko Kiswahili?

Kila lugha ina mahali inapoona vizuri. Luka hupanga matendo ya kijana moja baada ya jingine, na “-ka-” yetu imelipokea jambo hilo kama vile ilisubiri: akakusanya, akasafiri, akatapanya. Tofauti ya “akamsihi” na “akawa akimsihi” tunaisema bila kufikiri, wakati lugha nyingine huhitaji kuzunguka. Tunapungukiwa kwenye *apollymi* na *bios*. Msomaji wa Kiswahili aje kwenye Kigiriki kichwa kikiwa juu.

Kikundi chetu kina saa moja na nusu kwa wiki. Tuanzie wapi?

Chapisheni Luka 15 yote, mistari 32, nafasi pana kati ya mistari, nakala moja kwa kila mtu. Kwenye intaneti ipo Biblia ya Kigiriki yenye maana chini ya kila neno, bila malipo. Mtu mmoja aifungue kwenye simu. Chukueni kalamu za rangi nne. Rangi ya kwanza ni ya *apollymi*, popote lilipo, pamoja na mstari wa 17. Ya pili ni ya *heurisko*, kupata au kuonekana: mistari ya 4, 5, 6, 8, 9, 24, 32. Ya tatu ni ya *houtos*. Ya nne ni ya furaha: *chara* na *chairo* upande wa kondoo na shilingi, *euphraino* upande wa mwana (23, 24, 29, 32), na *charenai* mwishoni kabisa, mstari wa 32, ambako aina zote mbili za furaha zinakutana.

Msieleze chochote kabla rangi hazijakamilika. Kisha mmoja asome sura nzima kwa sauti, taratibu, na wengine wafuate rangi kwa macho. Maswali yatakuja yenyewe, na karibu kila mara la kwanza huwa kwa nini mstari wa 29 una rangi ya furaha katikati ya hasira. Kaka alitaka *euphraino* yake mwenyewe, mbuzi mmoja na rafiki zake, pasipo baba. Anzeni mazungumzo hapo, na wiki ijayo chukueni Luka 7:11–17 na 10:25–37.